Mashine inanguruma safi kwenye pipa. Ninunue?

"Shikamoo fundi. Nina boti ya faiba ya futi 22 niliyoachiwa na baba mdogo. Imekaa juu ya mchanga Kunduchi kama miaka sita, na mashine yake ya farasi 25 ilishakufa. Nataka niirudishe majini: katikati ya wiki ivue, Jumamosi na Jumapili ipeleke watu kisiwani Mbudya. Nimepata Yamaha 40 tu-stroki (ile ya kuchanganya oili kwenye petroli) ya mkono wa pili kwa jamaa mmoja Kigamboni, anataka milioni 4 na nusu. Ameiwasha mbele yangu kwenye pipa, imeshika kamba ya pili, inanguruma safi na inakojoa maji vizuri. Anasema imetoka Mwanza, haijaonja chumvi. Kuna wanaoniambia nitoe hela kabla haijachukuliwa, wengine wanasema bora ya Kichina mpya, wengine fo-stroki. Halafu ina shafti ndefu, sijui kama itakaa kwenye boti yangu. Ninunue?"

Marahaba mdogo wangu, na pole ya baba mdogo kama hiyo "niliyoachiwa" ina maana ninayoidhani.

Usinunue bado. Sisemi mashine ni mbovu, sijaiona. Nasema mpaka sasa umeisikia tu, na mashine ya boti haipimwi kwa sikio. Tena kuna kitu hujakiuliza kabisa, nacho kinaweza kukugharimu kuliko mashine yenyewe: tezi ya hiyo boti, yaani ule ukuta wa nyuma inapofungwa mashine. Nianzie huko.

Utaambiwa faiba haiozi. Faiba yenyewe kweli haiozi, lakini tezi ya boti nyingi za zamani si faiba tupu. Katikati mna plaiwudi, na faiba imeifunika mbele na nyuma kama manda ya sambusa inavyofunika nyama. Mashine ya 25 ilifungwa kwa bolti zilizotoboa hapo. Ilipotolewa, matundu yakabaki, na masika sita yamepita juu yake. Maji yakishaingia kwenye plaiwudi hayana pa kutokea. Yanashuka, yanatulia, ubao unalainika kama mkate uliolowa chai, na kwa nje rangi bado inang'aa.

Sasa fikiria mashine inavyofanya kazi. Imening'inia juu ya tezi kwa vibano, lakini propela inasukuma kutoka chini, nusu mita au zaidi chini ya vibano hivyo. Nguvu yote inayoisogeza boti inapita kwenye ule ubao, na inapita kwa kuukunja. Kila wimbi unalopanda linaukunja tena. Nimewahi kuitwa Msasani kutazama boti iliyorudi mashine ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye benchi. Tezi ilikuwa imefunguka kama mlango wa kabati, na ndani ya faiba mlikuwa na kitu cheusi nilichoweza kukichota kwa kijiko. Mwenye boti alikuwa ametoka kununua mashine mpya kabisa.

Kuipima ni kazi ya nusu saa, na hapa ndipo sikio linapofaa. Chukua bisibisi nzito, tumia mpini wake, gonga tezi yote. Anzia juu pembeni, mbali na matundu, sikio lizoee. Ubao mzima unajibu mkavu na mfupi: ko, ko. Uliooza unajibu kibubu, kama unagonga godoro. Pakikutia shaka, toboa kwa ndani, karibu na chini, tundu la milimita 5, usifike faiba ya nje. Tazama kinachotoka na ncha ya dreli. Ukiwa unga mkavu wenye rangi ya mbao, shukuru. Likitoka tope jeusi lenye harufu ya uozo, au maji yakaanza kuchuruzika, tafuta fundi wa faiba kabla ya kutafuta mashine, na umtafute aje aione boti kwa macho, si kwa picha za simu. Tundu lizibe kwa epoksi siku hiyohiyo.

Chungulia na chini ya sakafu. Boti nyingi za namna hii hujazwa povu gumu la kuzisaidia kuelea, na povu la zamani hunywa maji. Kama enzi za baba mdogo watu wanne waliisukuma mchangani na leo inataka wanane, tofauti hiyo si uzee wa mabega yao. Boti iliyobeba maji kwenye povu hata uipe mashine ya 60 itapasua maji tu, haitapanda juu yake. Utachoma petroli na kufika ulikokuwa ukifika na 25.

Shafti ni jambo jepesi, usilikuzie. Mashine hizi huja na urefu wa namna tatu: fupi ya inchi 15, ndefu ya inchi 20, na ndefu zaidi ya inchi 25. Pima boti yako kwa tepu kutoka ukingo wa juu wa tezi, pale vibano vitakapokaa, kwenda chini wima hadi chini ya boti katikati. Ukipata karibu na 20, shafti ndefu ni yako. Unachotaka ni lile bati bapa lililo juu ya propela liwe sawa na chini ya boti, au limezama inchi moja hivi zaidi. Likikaa juu mno, propela inavuta hewa: mashine inapiga kelele, boti haiendi, na matundu ya kuvuta maji ya kupoozea yanachomoza, mashine inaungua. Likikaa chini mno, boti inaburuta na kurusha maji. Na pale Kunduchi maji yakipwa utakuwa unailimia mchanga. Mchanga huo unaingia kwenye pampu na kuila impela, kile kigurudumu cha mpira kinachosukuma maji. Tepu inatosha kwa hili, fundi si lazima.

Twende Kigamboni sasa, kwenye pipa.

Ndani ya pipa propela haina cha kusukuma. Maji yanazunguka pamoja nayo, yanajaa mapovu, mashine inacheza bure. Ikiwa silinda moja imechoka, mwenzake anaibeba na wewe husikii kitu. Ipeleke baharini na watu sita ndani, fungua mafuta yote: kila mlipuko sasa lazima usukume mzigo. Ringi zilizolegea zinaachia gesi ya moto ipite pembeni ya pistoni. Gesi hiyo inaunguza utando wa oili unaotenganisha pistoni na ukuta wa silinda. Pistoni inapata joto, inatanuka, inaanza kukwaruza. Robo saa baadaye mashine inazima katikati ya Kunduchi na Mbudya, na kamba ukiivuta unaikuta ngumu kama imefungwa.

Somo hili nimelilipia ada. Nilipokuwa kijana nilinunua mashine ya 15 kwa mlio wake. Mwenye nayo alikuwa ameiwasha kabla sijafika, nami sikujua kuuliza. Ikashika kamba ya kwanza kama iliyokuwa ikinisubiri. Wiki ya pili nilirudi kutoka nyuma ya kisiwa cha Bongoyo kwa kasia, kusi likinipiga usoni, na samaki wameanza kulegea. Ndiyo maana ninakwambia: ukirudi Kigamboni, usimpigie simu mapema. Fika, omba kufungua kofia, weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ya vuguvugu, kaa, kunywa chai, subiri ipoe kabisa ndipo uivute. Mashine mbovu huficha ubovu wake ikiwa bado ina vuguvugu, hasa shida za kabureta.

Hiyo ya kukojoa nayo inahitaji kurekebishwa, maana imewaunguzia wengi mashine. Ule mkojo unakuambia pampu inasukuma maji, basi. Haukuambii maji hayo yamezunguka silinda zote. Ni tawi dogo tu la njia ya maji, na kwenye mashine nyingi linachepuka kabla maji hayajamaliza safari yake. Chumvi inaweza kuwa imeganda kwenye mifereji inayozunguka silinda na mashine ikakojoa vizuri huku inaungua kwa juu. Na kinyume chake: punje ya mchanga ikiziba kile kitundu, mashine nzima itaonekana mgonjwa. Ukipata kipimajoto cha bunduki cha mafundi (si kile cha kupimia homa, hicho hakifiki huko), ikishafanya kazi dakika kumi pima usawa wa silinda ya juu na ya chini. Zinatakiwa zikaribiane. Moja ikiipita nyingine kwa mbali, kuna mahali maji hayafiki.

Kinachozungumza ukweli kwenye tu-stroki ni kompresheni, yaani nguvu ya pistoni kubana hewa ndani ya silinda. Geji yake ni ya kawaida tu, mafundi wengi wa pikipiki na magari wanayo, mradi uzi wake uingie kwenye tundu la plagi. Washa mashine kidogo ipate joto, zima. Toa plagi zote mbili. Chomoa kamba ya kuzimia, na nyaya za plagi zigusishe kwenye chuma cha bloku ili usiiue CDI, kile kifaa cha kutengeneza cheche. Funga geji kwenye silinda ya juu, fungua mafuta yote, vuta kamba kwa nguvu mara tano au sita mpaka mshale usipande tena. Andika. Fanya hivyohivyo silinda ya chini. Mashine nyingi za namna hii zikiwa nzima hukaa kati ya paundi 90 na 130. Lakini usihangaike sana na namba yenyewe, geji hutofautiana. Tazama pengo. Ukipata 118 na 114, hiyo mashine ina uhai. Ukipata 115 na 85, silinda moja imeondoka, na bei lazima iwe bei ya mashine ya kufunguliwa, kama bado unaitaka. Pengo lisizidi sehemu moja ya kumi.

Plagi zikiwa mkononi, usizirudishe haraka. Rangi ya biskuti ni nzuri. Nyeusi yenye oili mbichi ni mchanganyiko mzito au cheche dhaifu, hutibika. Nyeupe imeungua. Na plagi moja ikiwa safi mno kuliko mwenzake, kana kwamba imeoshwa, ogopa: huenda kweli inaoshwa, na maji yanayopenya kwenye silinda kupitia gasketi. Mulika tochi ndani ya tundu utazame kichwa cha pistoni. Kikiwa na vishimo kama kimepigwa na patasi, kuna kipande cha ringi au beringi kilicheza humo.

Kisha shuka kwenye giaboksi. Mwombe alegeze skrubu ya chini, matone machache tu yatoke kwenye bakuli. Maji ni mazito kuliko oili, kwa hiyo kama yamo yatatangulia. Oili ikitoka rangi ya chai ya maziwa, sili zimekufa na maji yanaingia, na gia za humo ni bei mbaya. Sugua tone kati ya vidole. Ukisikia chenga za chuma, mshukuru mwenyeji, rudi kwenye pantoni. Muuzaji akikataa kulegeza skrubu moja, nalo ni jibu.

Hadithi ya Mwanza inaweza kuwa kweli. Mashine ya Ziwa Victoria haiyajui maji ya chumvi na hiyo ni faida kubwa, kwa sababu kinachoziua mashine zetu za Dar mara nyingi ni chumvi inayokula alumini na kuziba mifereji. Lakini chumvi huacha alama, usitegemee maneno. Angalia chini ya kofia kwenye maungio ya kichwa na kifuniko cha themostati: unga mweupe uliokauka ni chumvi. Angalia zinki zilizo chini, vile vipande vinavyowekwa viliwe na chumvi badala ya mashine. Zikiwa zimeliwa nusu, zimekuwa zikipigana na kitu. Angalia kama rangi imepulizwa juu ya bolti na nyaya, maana kiwandani hawapaki rangi juu ya nyaya. Na hata kama ni ya Mwanza kweli, mashine za uvuvi za ziwani hazikai kivulini. Chumvi haipo, saa za kazi zipo. Geji ndiyo itakayokuambia.

Yote yakipita, bado kuna jaribio moja: ifungwe kwenye boti, hata ya kukodi, mtoke nayo nusu saa mkiwa na watu au mifuko ya mchanga. Fungua mafuta yote dakika chache mfululizo. Zima. Kaeni dakika kumi mkielea, kisha iwashe. Tu-stroki iliyochoka inapenda kukataa kuwaka ikiwa ya moto. Muuzaji mwaminifu atakuomba uchangie petroli, na ni haki yake.

Kuhusu kuharakishwa: mashine za boti huibwa, tena sana. Namba yake imo kwenye kibandiko au kibati kwenye mkono wa kubana tezi. Ikiwa imekwanguliwa au kibati kimeng'olewa, ondoka hata kama kompresheni ni ya mashine mpya, kwa sababu kukutwa na mali ya wizi kunaweza kukuingiza wewe kwenye kesi, si aliyekuuzia peke yake. Ikiwepo, taka risiti ya awali, nakala ya NIDA ya muuzaji, na mkataba ulioandikwa namba hiyo na kushuhudiwa serikali ya mtaa. Usiache kishika uchumba kikubwa ati isichukuliwe. Ikichukuliwa, ilikuwa ya mwenziwe.

Sasa kuchagua. Ya Kichina mpya si takataka kama wanavyosema baadhi ya wazee wa soko la samaki Feri. Nyingi zimefuata michoro ya Yamaha za zamani, baadhi ya vipuri vinaingiliana, na unajua wewe ndiye wa kwanza kuitumia. Ubora wake ndio hautabiriki: moja itakwenda miaka, jirani yake itasumbua kuanzia swichi mpaka sili. Ukienda huko, nunua kwa mwenye duka mwenye stoo ya vipuri, umwone kwa macho yako akitoa impela kutoka kwenye rafu. Fo-stroki ya 40 inaokoa mafuta, kwenye kazi ya kutwa inaweza kupunguza karibu theluthi, na haitoi moshi kama tu-stroki. Lakini ni nzito, karibu kilo 100 dhidi ya sabini na kitu za tu-stroki, na uzito huo wote unakaa kwenye tezi tuliyoizungumza. Ikizama, au ikitaka kompyuta kusomwa kosa lake, mafundi wa kuifungua ni wachache. Kama ungekuwa unabeba watu kila siku ningekuambia jipinde uichukue. Kwa uvuvi wa katikati ya wiki na safari za wikiendi, tu-stroki iliyopimwa ikapita bado ni chaguo la akili: watu wawili wanaibeba, na kuanzia hapa mpaka Mafia hukosi wa kuifungua.

Ningekuwa mimi, ningeanza kwenye milioni 3 na nusu, nikatenga robo ya bei pembeni. Hiyo ni ya impela mpya, themostati, plagi, mpira wa mafuta, chujio, oili ya giaboksi na zinki, vyote kabla ya safari ya kwanza, bila kujali muuzaji amesema alibadilisha lini. Oili ya kuchanganya iwe ya mashine za boti, yenye alama ya TC-W3. Ile 2T ya pikipiki imetengenezwa kwa injini inayopozwa na upepo, inaacha majivu kwenye pistoni za mashine inayopozwa na maji. Kipimo cha kawaida ni lita 1 kwa lita 50 za petroli, ila maandishi ya mashine yako ndiyo yatawale. Na kila ukirudi, maji baridi ya bomba yapite dakika kumi.

Hao watu wa Mbudya ni habari nyingine. Uvuvi na kubeba abiria ni ruhusa mbili tofauti. Nenda TASAC, wanaosimamia usalama wa vyombo vya majini, mapema, kabla hujaipaka boti rangi, wakuambie ukaguzi unataka nini na idadi gani ya watu itaruhusiwa, majaketi okozi yakiwa kamili kwa kila kichwa. Mbudya yenyewe ni eneo la hifadhi ya bahari, abiria wako watalipa kiingilio na wewe hutavua hapo. Na 40 kwa futi 22 inatosha watu watano sita na barafu yao. Ukipanga kupakia kumi na wawili, tuzungumze upya.

Kwa hiyo wiki hii usiende Kigamboni. Nenda Kunduchi na tepu, bisibisi na dreli. Nitumie urefu wa tezi, na picha ya kilichotoka kwenye tundu. Baadaye ukifika kwenye geji, nitumie namba zote mbili kabla hujatoa hela.